Nasaha kwa Aliyedhulumiwa Nyumbani: Aanzie Wapi na Aende kwa Nani

Mtu akivamiwa na mwizi njiani hupiga yowe, na watu wakatoka majumbani kumwokoa. Lakini mwanamke anayepigwa na mumewe, ndani ya chumba alichokifagia asubuhi kwa mkono wake mwenyewe, aghalabu huuma pindo la kanga ili sauti isivuke ukuta, na kunapokucha huvaa nguo ya mikono mirefu, akaenda sokoni na kuamkiana na watu kana kwamba usiku ulikuwa wa heri. Kwake yeye, na kwa kila aliye karibu naye, nimeandika nasaha hizi. Sikuziandika kwa kusudi la kueleza ubaya wa dhuluma hiyo, maana aliyeionja hahitaji kuelezwa. Nimeziandika ili ajue kwa yakini aende kwa nani katika mtaa wake, kata yake na wilaya yake, na lipi alitangulize, kwa sababu katika nchi yetu ya Tanzania msaada upo, ila umetawanyika katika mikono mingi, na asiyejua utaratibu wake huzungushwa huku na huko mpaka akachoka, akarudi alikotoka.

Utaratibu wenyewe, kwa maoni yangu, ni huu: usalama wa mwili utangulie, tiba ifuate, kisha hati na ushahidi, kisha sheria, na sulhu, ikiwa nafasi yake ipo, ije nyuma ya hayo yote. Mazoea yetu yameupindua utaratibu huo, yakaitanguliza sulhu. Wazee hukusanywa, mkeka hutandikwa, aliyepiga huomba radhi mbele ya hadhara, aliyepigwa hutakiwa asamehe, kila mtu hurudi kwake na moyo mweupe, na yule mwanamke huachwa peke yake na mtu yule yule, katika chumba kile kile, huku mwenye kosa akijua sasa kuwa kosa lake halina gharama. Siidharau sulhu, kwani ni jambo tukufu katika dini na katika ubinadamu. Lakini sulhu hufanyika baina ya watu wawili walio huru kusema, na mwenye kuogopa kipigo cha usiku hayuko huru kusema mchana.

Kabla hujanyanyua hatua ya kwanza, ndugu yangu, litulize moyoni jambo hili: hapana mwenye haki ya kukupiga. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kimetamka bayana kwamba, hata kama ipo mila isemayo vingine, hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake wa ndoa kwa kipigo. Sheria hiyo haikumtaja mume peke yake wala mke peke yake, bali mwenzi. Kwa hiyo mwanamume anayedhulumiwa na mkewe, ambaye aibu humfunga kinywa hata zaidi, naye yumo katika hifadhi hiyo. Kumjeruhi mtu ni kosa la jinai kwa Kanuni ya Adhabu, na cheti cha ndoa si kibali cha kulitenda. Wala ukatili hauishii kwenye kipigo: sheria ya ndoa inautambua ukatili wa mwili na ukatili wa nafsi, yaani matusi ya kudumu, vitisho, kufungiwa ndani, na mengine ya namna hiyo ambayo hayaachi alama juu ya ngozi, kuwa miongoni mwa dalili za ndoa iliyovunjika.

Msaada wa kwanza si ofisi, ni mtu mmoja. Mchague sasa, kabla ya usiku wa haja. Si lazima awe ndugu wa damu. Pengine ndugu ndio watakaokurudisha, ama kwa kuogopa kudaiwa mahari, ama kwa kuona haya mbele ya wakwe. Anaweza kuwa jirani mwenye mlango unaofunguka usiku, mwenzako wa kikoba, mwalimu wa mtoto, au mama mwenye kibanda cha chakula pale njiani. Mweleze kwa ufupi, na mpatane neno moja la siri, kwa mfano ukimtuma mtoto kuomba chumvi ya mawe, ajue kwamba si chumvi inayotakiwa bali watu. Nambari yake ihifadhi kichwani, maana simu ndicho kitu cha kwanza kunyang'anywa au kupasuliwa. Na kama simu yako hupekuliwa, usiitumie kuuliza habari za polisi wala za wanasheria. Azima ya mtu unayemwamini, kwani orodha ya nambari ulizopiga na ujumbe wa pesa ulizotuma humwambia mpekuzi yote uliyotaka kumficha.

Baada ya mtu, hati. Kusanya kidogo kidogo, bila papara, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kitambulisho cha taifa, kadi za kliniki na za bima, nakala za karatasi za kiwanja au nyumba na stakabadhi za vitu ulivyovinunua kwa fedha zako, uziweke kwa yule mtu wako au mahali pa kazi. Zikiwa zimefungiwa kabatini usihatarishe maisha yako kwa ajili yake, kwani vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa vilivyosajiliwa huweza kuombewa nakala kwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ama katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Uhai hauombewi nakala. Weka na akiba ya nauli, hata ikiwa ndogo, pamoja na nguo za watoto na dawa ambazo mtu wa nyumbani huzinywa kila siku.

Hapo nakupa hadhari moja kubwa. Usimwambie anayekupiga kwamba unakusudia kuondoka, wala usimtishe kwa polisi ili ajirekebishe. Wakati wa hatari kuu katika maisha ya namna hii si ule wa kukaa, ni ule wa kuondoka na siku zinazofuatia, mwenye nguvu anapohisi kwamba nguvu zinamtoka mkononi. Ondoka asipokuwapo, au ukiwa na watu. Na zipo alama ambazo, zikionekana, hazina subira tena: kama amewahi kukukaba koo, kama ametaja kukuua au kujiua, kama anakupiga hata ukiwa mjamzito, kama ameanza kukufuata kazini na njiani. Kukabwa koo hasa watu hukudharau kwa kuwa huenda kusiache alama yoyote nje. Lakini aliyekabwa anaweza kupata madhara ndani ya shingo na katika ubongo yakajitokeza saa nyingi baadaye, na ikiwa sauti imekauka, kumeza kunauma, kichwa kinazunguka au macho yana wekundu wa damu, hospitali ni siku hiyo hiyo. Aliyekaba mara moja hajacheza, amekaribia kuua.

Likikukuta la kukukuta, toka jikoni kwenye visu na moto, toka chumbani kusiko na mlango wa pili, kimbilia mahali penye watu. Piga 112, ambayo ndiyo simu ya dharura ya polisi, au yule mtu wako apige. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mjumbe wa shina, ambaye wengi wetu tungali tukimwita balozi, hao ni watu wa karibu wanaoweza kuja upesi kuliko gari la polisi, kukutoa nyumbani na kukusindikiza kituoni. Watumie kwa kazi hiyo, na wakianza kuandaa kikao usiku ule ule, waambie kwa adabu kwamba unashukuru, lakini kwanza unakwenda hospitali.

Juu ya hospitali na ile karatasi iitwayo PF3 nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mashauri mengi yanapofia. PF3 ni fomu ya polisi. Hutolewa kituoni, bila malipo, kwa mtu aliyeumizwa, naye huichukua hospitali. Mganga hujaza humo alichokiona mwilini, kisha fomu hurudi kwa polisi na baadaye husomwa mbele ya hakimu. Mwenye jeraha la kutishia uhai asizungushwe kituoni kutafuta karatasi damu ikimwagika: apelekwe hospitali moja kwa moja, na polisi wafuatwe huku akitibiwa. Sasa mtazame mwanamke anapofika mbele ya mganga. Mumewe kamsindikiza, amesimama mlangoni amekunja mikono, mganga anauliza, "Umepatwa na nini?" naye anajibu, "Nimeteleza bafuni." Maneno hayo mawili yameandikwa kwenye kadi, na kadi haifutwi. Mwaka mmoja baadaye, atakapokuwa na ujasiri wa kusema kweli, wakili wa upande wa pili ataishika kadi ile na kumwuliza kama alikuwa mwongo siku ile au ni mwongo leo. Basi mwombe mganga au muuguzi mzungumze peke yenu, na hilo si jambo la ajabu, wao wamelizoea. Mtaje aliyekupiga, na alikupiga kwa kitu gani, mkono, mkanda au mchi. Mwonyeshe kila panapouma, hata pasipovimba, hata palipo na alama za zamani, uhakikishe ameandika. Alama ya kipigo hubadilika rangi na kupotea baada ya siku chache, lakini maandishi ya mganga hubaki. Yule mtu wako na apige picha za majeraha siku ile, na tena siku mbili baadaye vilio la damu linapokomaa, azihifadhi kwake wala si katika simu yako.

Ikiwa umeingiliwa kwa nguvu, na yeyote yule, saa zina hesabu. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI zinafaa zikianzwa ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo zinavyofaa zaidi; dawa ya kuzuia mimba ina muda wa saa 120. Ni vigumu kumwambia mtu aliyetendewa unajisi asioge, najua, kwani kuoga ndilo jambo la kwanza mwili wake unalolitaka. Lakini kama unaweza kustahimili mpaka upimwe, stahimili, na nguo ulizokuwa nazo uzitie ndani ya mfuko wa karatasi, si wa nailoni, maana nailoni hufuga unyevu na kuuharibu ushahidi. Na ikiwa umekwisha kuoga, nenda vivyo hivyo.

Kituoni usiridhike kuzungumza na askari yeyote aliye kaunta. Uliza Dawati la Jinsia na Watoto. Madawati haya Jeshi la Polisi lilianza kuyafungua mwaka 2008, na leo yapo zaidi ya 400 nchini. Askari wake, aghalabu wanawake, wamefundishwa kusikiliza mashauri ya namna hii katika chumba cha faragha. Eleza kwa mfuatano: lini, wapi, kwa kitu gani, nani aliona, na mara ya mwisho kabla ya hiyo ilikuwa lini. Maelezo yakiandikwa, yasome au usomewe kabla ya kutia saini, na neno lisilo lako likatwe. Usitoke bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako katika kitabu cha polisi. Iandike mahali pawili, maana bila namba hiyo kila utakaporudi utaanza upya kama mgeni. Huenda ukakutana na askari atakayekwambia kuwa haya ni mambo ya nyumbani, kayamalizeni huko huko. Usibishane naye wala usilie mbele yake. Mwulize jina lake kwa upole, kisha omba kumwona mkuu wa kituo, na asipopatikana, mkuu wa polisi wa wilaya. Nimeona mara nyingi kwamba mwenye kujua jina la ofisi anayoitafuta hupokewa tofauti na mwenye kusema tu "naomba msaada", na jambo hilo si la haki, lakini kwa kuwa ndivyo lilivyo, litumie.

Ziko hospitali zilizounganisha kazi zote hizi chini ya paa moja, ambazo huitwa vituo vya Mkono kwa Mkono: mganga, askari, afisa wa ustawi wa jamii na mshauri wa nafsi wako pamoja, ili aliyeumizwa asirudie habari yake mara nne mbele ya watu wanne. Dar es Salaam kipo Amana, Ilala, na vingine vimefunguliwa katika hospitali mbalimbali za mikoa. Kwa hiyo ukiwa karibu na hospitali ya mkoa uliza kwanza kama kituo hicho kipo, maana kikiwapo kitakuondolea nusu ya safari.

Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri yako ni mtu ambaye wengi hawamjui mpaka wafiwe au waachike, na hali kazi yake ni kubwa kuliko sifa yake. Yeye ndiye anayeweza kukutafutia mahali pa kujisitiri, kuandika taarifa ya hali ya watoto kwa ajili ya mahakama, kumwita baba anayekataa kuwalisha, na kukupeleka kwa msaidizi wa kisheria. Katika kata na vijiji zimeundwa kamati za ulinzi wa wanawake na watoto chini ya mpango wa taifa ujulikanao kama MTAKUWWA, ulioanza mwaka wa fedha 2017/18; Mtendaji wa Kata anajua nani ni mjumbe wake. Mtoto anayeteswa, awe wako au wa jirani, na vilevile binti wa kazi anayepigwa na kunyimwa mshahara naye hajatimiza miaka 18, habari zake hupokelewa kwa simu 116, bila malipo, Bara na Visiwani.

Kuhusu nyumba za hifadhi sitakutia matumaini ya uongo: ni chache, nyingi ziko mijini, na mahali zilipo hufichwa kwa makusudi mema. Hazifikiwi kwa kubisha hodi bali kwa barua au simu ya dawati la polisi, ustawi wa jamii au shirika la wanasheria. Kwa watu wengi hifadhi ya kweli huwa ni chumba cha shangazi katika mji mwingine, na ikiwa ndivyo, chagua jamaa ambaye mumeo hamfikirii kwanza, na watoto wakihama shule umweleze mwalimu mkuu ni nani aruhusiwe kuwachukua.

Sasa nirudi katika jambo la sulhu na baraza lake, kwa kuwa sheria yenyewe imelipa mahali pake na watu wengi hawajui ni mahali gani. Mtu hawezi kufungua shauri la talaka katika mahakama za Bara bila kupitia kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, liwe la kata, la BAKWATA, yaani baraza kuu la Waislamu, au la kanisa, na baraza likishindwa kuwapatanisha huandika hati ya kuthibitisha hivyo, ambayo ndiyo hupelekwa mahakamani. Basi baraza lina kazi, lakini tazama mipaka yake. Halina uwezo wa kufuta kosa la jinai, wala wa kukuamuru urudi kulala kwa aliyekuvunja mkono, wala wa kukunyima hati hiyo kwa sababu hukutaka kusamehe. Hutakiwi kupitia baraza ili kuripoti kipigo polisi. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, na yanaweza kwenda pamoja. Mahakama nayo ina uwezo wa kusamehe hatua ya baraza ikiridhika kuwa ziko sababu zisizo za kawaida zinazoifanya hatua hiyo isiwezekane, na mtu anayeogopa kuuawa amweleze mwanasheria wake jambo hilo mapema. Ikiwa baraza halina budi, omba usikilizwe peke yako, omba mfike na muondoke kwa saa tofauti, na uende na mtu.

Asiyetaka talaka, ama kwa imani yake ama kwa sababu ndoa haijatimiza miaka miwili, muda ambao sheria hairuhusu shauri la talaka ila kwa idhini ya mahakama kwa mwenye madhila makubwa, anaweza kuomba mahakama imruhusu kutengana, na hapo halazimiki tena kuishi na mwenzake. Shauri la ndoa likiwa mahakamani, hakimu anaweza kumwamuru mume asimsogelee mkewe wala kumbughudhi; wengi hawaombi amri hiyo kwa kutojua kwamba ipo, basi iombe. Juu ya mali, wanawake wamedumu katika madhila miaka na miaka kwa kuambiwa kwamba nyumba si yao kwa kuwa hawakununua hata tofali moja. Mahakama ya Rufani ilikwisha kulikata neno hilo mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilipokubali kuwa kazi za nyumbani, kupika, kulea na kutunza, ni mchango katika mali ya ndoa. Kila mwanasheria wa nchi hii analijua shauri hilo, nawe ulitaje. Juu ya watoto, mahakama hutazama maslahi ya mtoto kabla ya fahari ya wazazi, na sheria imeelekea kumwacha mtoto wa chini ya miaka saba kwa mama yake isipokuwa pana sababu. Hata walioishi pamoja miaka miwili au zaidi bila ya nikaha wala harusi, wakajulikana na watu kama mke na mume, sheria haikuwatupa: mahakama inaweza kuamuru matunzo na mengineyo kwa ajili yao.

Fedha za wakili zisikuzuie. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, watu waliofundishwa wanaokaa katika wilaya na kata zetu, ambao hukuandikia maombi, hukueleza utaratibu na hufuatana nawe mahakamani, bila ujira. Dar es Salaam yako mashirika ya wanasheria yaliyofanya kazi hii kwa zaidi ya miaka 30, kama TAWLA, Chama cha Wanasheria Wanawake, na WLAC, Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu nacho kimekuwapo tangu mwaka 1995. Aliye mbali na Dar es Salaam aulize kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa wilaya, ambaye aghalabu ana orodha ya wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa kwake.

Aliyeko Unguja au Pemba afahamu kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971 haivuki bahari. Huko mambo ya nikaha na talaka ya Waislamu ni ya Mahakama ya Kadhi, na mke aliyethibitikiwa na madhara anaweza kumwomba kadhi aivunje ndoa kwa faskhi, bila kungoja mume atamke neno. Lakini kipigo ni jinai Visiwani kama kilivyo Bara, na jinai haiendi kwa kadhi, inakwenda polisi. Wapo wanaopoteza miezi kwa kungoja kadhi ahukumu jambo lisilo lake. Sheha wa shehia yako ni msaada wa karibu, dawati la jinsia lipo, na hospitali ya Mnazi Mmoja ina kituo cha Mkono kwa Mkono tangu mwaka 2011. Waliovuka mpaka kwenda Kenya, au wenye dada zao Mombasa na Lamu, wajue kuwa huko ipo sheria mahususi ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu na ukatili wa nyumbani, ambayo humwezesha hakimu kutoa amri ya ulinzi ya muda hata kabla ya kumsikiliza mshitakiwa. Simu ya msaada ni 1195, bure, usiku na mchana, fomu ya polisi huitwa P3, na FIDA Kenya, shirika la mawakili wanawake, lina ofisi Nairobi, Mombasa na Kisumu.

Neno langu la mwisho ni kwako wewe usiyepigwa, unayesikia. Usimwulize jirani yako kwa nini haondoki. Ameliwaza hilo mara nyingi kuliko wewe, na sababu zake, za watoto, za njaa, za hofu na hata za mapenzi, unazijua. Mwambie maneno machache: nimesikia, nakuamini, kosa si lako, mlango wangu hauna kufuli kwako. Akirudi kwa mumewe usikasirike ukamwacha, kwa maana wengi huondoka na kurudi mara kadhaa kabla ya kuondoka kweli, na ile safari ya mwisho atakuhitaji kuliko ya kwanza. Usimkabili mume kwa niaba yake bila ridhaa yake, kwani wewe utarudi kwako kulala naye atabaki kulipa. Ukisikia yowe la usiku, usiende peke yako. Amsha majirani, pigeni 112, gongeni mlango mkiwa wengi, hata kwa kisingizio cha kuomba kiberiti. Wala usingoje siku hiyo ndipo uanze kuuliza. Wiki hii pita kituo cha polisi cha wilaya yako, uliza dawati la jinsia liko chumba gani na simu yake ni ipi, muulize Mtendaji wa Kata jina la afisa wa ustawi wa jamii na la msaidizi wa kisheria, uyaandike yote katika karatasi moja, kisha uwagawie nakala wenzako wa kikoba, wa msikitini, wa jumuiya na wa kisimani.